Safu ya Nne

Fomu ina safu saba. Ya nne inasema: Uraia.
Nilipofika Manyovu nilikabidhiwa rimu mbili za fomu hizo,
kalamu inayogoma kwenye baridi
na kipimajoto chenye umbo la bastola.
Watoto wakiniona hunyoosha mikono juu, wakicheka.
Mama zao hawacheki.

Kamba yenyewe ni ya katani, ya kufungia mbuzi.
Tuliifunga toka mkaratusi hadi mkaratusi
siku redio iliposema nchi zote zinafunga milango.
Kabla ya hapo mpaka ulikuwa jiwe moja jeupe
ambapo wanawake walitua matenga ya parachichi,
wakapumzika,
mguu mmoja kwetu, mguu mmoja kwao.

Jioni redio ilituhesabia dunia:
taifa fulani limezuia ndege yenye barakoa za jirani yake,
jingine limenunua chanjo za kuwatosha watu wake mara tatu,
na chanjo yenyewe bado haijatoka maabara.
Mkubwa mmoja wa mbali akaiita homa kwa jina la nchi ya wenzake;
wenzake wakamrudishia mzigo wake.
Tulisikiliza tukisikitika. Watu gani hawa!
Kisha tukatoka kwenda kukaza kamba.

Maana nasi tulikuwa na msemo wetu:
homa ni ya ng'ambo.
Mwenyekiti Ruhwanya aliutamka amesimama wima,
mkono kifuani, kana kwamba ni ubeti wa wimbo wa taifa.
Na ng'ambo, niliambiwa, waliusema vilevile
kwa Kirundi, ambacho ni Kiha kilichobadili shati.

Ntakije alikuja Jumanne,
madumu mawili ya mawese yakining'inia kwenye baiskeli.
Nikamlenga paji la uso.
Thelathini na tisa nukta nne.
Akatabasamu kama aliyefaulu mtihani.

"Uraia?"

"Mama yuko kule, amezikwa.
Mke yuko huku, kaniwekea chakula.
Mimi niko juu ya baiskeli."

Nikaiacha safu tupu.
Wakubwa hawapendi utupu. Simu ikalia:
Mrudishe, huyo ni wao.
Upande wa pili kijana mwenye kipimajoto kama changu,
cha msaada uleule, pengine cha boksi lilelile,
naye alikuwa na simu sikioni.
Akanitazama, akatikisa kichwa.

Siku mbili Ntakije alilala juu ya turubai,
kamba ikimpita tumboni
kama mshipi wa mtu aliyekonda.
Mkewe, Nyamwiza, alileta uji kwa upande huu.
Dada yake alileta maji kwa upande ule.
Hawakuruhusiwa kusalimiana kama Waha wanavyosalimiana,
kushikana viwiko, kuulizana nyumba, mvua, ng'ombe,
watoto mmoja baada ya mwingine;
wakapigiana makofi hewani, polepole,
na mgonjwa, katikati, akawa anawaitikia wote wawili.

Alhamisi alfajiri hakuitikia.

Kijana wa ng'ambo alikuja na koleo, hakutumwa na mtu.
Mimi nilikuwa na jembe.
Hatukuulizana majina.
Udongo tuliouchimba ulikuwa mwekundu pande zote.

Usiku huo redio yetu ikatangaza waliokufa: sifuri.
Redio yao, ambayo mlimani husikika vizuri kuliko yetu: sifuri.
Nilisoma hesabu hadi kidato cha sita, kule Tabora.
Nikajumlisha. Nikarudia kujumlisha.

Fomu yake ninayo, sikuituma.
Safu ya nne niliijaza baadaye,
kwa wino uliokuwa ukikatikakatika:
wa Nyamwiza.

Na yale madumu?
Yalipita siku ileile, juu ya kamba, mkono kwa mkono.
Hakuna aliyeyapima.
Jumamosi nilinunua maharage sokoni,
mekundu, yanang'aa mafuta.
Nilikuwa na njaa. Sikuuliza.